Mama Habari: Muuguzi anayepiga umbea ili mtoto apumue

Mlango wa chumba cha watoto ndiyo kwanza unafunguliwa, viti havijapanguswa vumbi, na kikohozi kimeshaingia kabla ya mwenye nacho. Kinasikika tangu kule kwenye korido: kikavu, kizito, chenye mwangwi, kama mbwa mdogo aliyefungiwa ndani ya pipa.

Mama Habari hageuki hata kutazama mlangoni. Anavuta kiti kimoja, anavuta cha pili, anavisogeza dirishani penye hewa, kisha anapaza sauti kama mtu aliyekuwa akiwasubiri wageni wake wa siku zote.

"Jamani, mmekawia! Nina jambo la jana limenikaa hapa rohoni, natafuta wa kumtupia, simpati."

Wanaoingia ni watatu. Mbele ni mama kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, amembana mwanawe kifuani kama mtu aliyeshika pochi sokoni. Nyuma yake ni mama mkwe wake, amevaa kandambili mbili zisizofanana, na mkononi ameshika kijiko cha chuma.

"Nesi, kuna kitu kimemkwama mjukuu wangu," mama mkwe anaanza kabla hajakaa. "Namwambia huyu amfumbue mdomo nichungulie kwa kijiko, hataki. Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu!"

"Hicho kijiko kimekuja wakati mzuri, mama yangu," anasema Mama Habari, akikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Hapa tuna chai, kijiko hatuna."

Kijiko kinatumbukia mfukoni mwa aproni yake na safari yake inaishia hapo.

Aproni yenyewe ina maua makubwa ya njano. Nguo nyeupe aliacha kuivaa chumbani humu siku nyingi, kwa sababu watoto waliochomwa sindano wanaijua kwa mbali. Anakaa kwenye kigoda, chini kabisa, mpaka kichwa chake kinakuwa chini ya kichwa cha mtoto. Hamgusi. Hamsemeshi. Anamgeukia mama.

"Mnamjua fundi cherehani wa mtaani kwetu, yule mjane?"

"Hatumjui," anasema mama kijana.

"Basi leo mtamjua. Miezi sasa, kila Ijumaa dereva wa pikipiki anamletea shati. La kiume, jeupe, lina vistari vya bluu, limepigwa pasi likanyooka. Kasoro kifungo kimoja. Fundi anashona, linaondoka. Ijumaa nyingine, shati lile lile, kifungo kingine hakipo!"

"Huyo mkewe hajui kufua," anaamua mama mkwe.

"Mke gani, mama? Sikiliza. Fundi ameukagua uzi. Haukuchanika. Umekatwa. Kwa wembe!"

Mama kijana anainua uso. "Anavikata mwenyewe?"

"Umeona eeh?"

"Ili apate cha kupeleka!"

"Mwanangu, una akili wewe. Mtaa mzima tunalala na kuamka na hilo shati, mwenyewe hatumjui."

Mama kijana anacheka, kicheko kidogo cha puani, na mabega yake yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni yanashuka. Mikono inalegea. Mtoto, aliyekuwa amebanwa kama mzigo, anapata nafasi ya kifua. Bado anakohoa, bado anabweka, ila sasa anatazama maua ya njano.

Wakati wote huo mdomo wa Mama Habari uko kwa fundi cherehani, lakini jicho liko kwenye kifua cha mtoto. Anatazama kama ngozi inaingia ndani chini ya mbavu. Anasikiliza kama pumzi inapoingia inapiga mluzi. Anatazama midomo isije ikabadilika rangi. Mgonjwa ameshapimwa nusu yake, na hakuna aliyejua kwamba kipimo kimeanza.

Ugonjwa huu wataalamu wanauita krupu. Mara nyingi huanza kama mafua ya kawaida kwa watoto wadogo, wa miezi sita hadi miaka mitatu hivi. Virusi vinashuka kooni, njia ya hewa karibu na kisanduku cha sauti inavimba, sauti inakauka, na kikohozi kinageuka mbweko. Wengi hupona vizuri. Wachache hubanwa mpaka pumzi inakuwa kazi.

"Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba kama mrija wa soda," anasema daktari wa watoto wa kituo hiki. "Ikivimba kidogo tu, inabaki tundu. Akilia, linabana zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutomliza."

Hayo ni maneno mengi kwa daktari huyu. Ni mrefu, mpole, koti lake jeupe amelifunga vifungo vyote hadi shingoni, na kwa kawaida hujibu "mmh" akanyamaza. Iko mmh ya ndiyo, mmh ya hapana, mmh ya tusubiri kwanza. Wafanyakazi wenzake wanamwita Daktari Mmh, naye anajua, na alipoulizwa kama jina hilo linamkera alijibu kama mnavyofikiri.

Sasa anaingia taratibu kutoka chumba cha pili, ambako kila neno linasikika, amekikumbatia kipimo chake cha kifua kiganjani ili kipate joto. Anamsikiliza mtoto hapo hapo mapajani kwa mama yake. Hakuna kulazwa kitandani. Hakuna kufumbuliwa mdomo. Anaandika dozi moja ya dawa ya maji ya kupunguza uvimbe, na Mama Habari anaivuta kwenye kibomba kisicho na sindano, anamkabidhi mama.

"Mpe wewe, pembeni ya shavu, polepole. Mimi hanijui, wewe anakujua. Haya, tulifika wapi? Jana Ijumaa. Jana, jamani, shati limekuja halina kifungo hata kimoja!"

"Hata kimoja?" Mama mkwe anashika kifua.

"Vyote vimekwenda. Mtu amechoka kusubiri!"

"Fundi amelishona?"

Aliyeuliza hivyo ni daktari. Wote wanageuka. Mama Habari amefanya naye kazi miaka tisa na hajawahi kumsikia akiuliza swali lisilo na homa ndani yake.

"Daktari! Na wewe?"

"Mmh," anasema daktari, na anatoka haraka kuliko alivyoingia.

*

Mama Habari ana watoto wawili wa kuzaa, mjukuu mmoja, na nyumba ambayo mlango wake majirani wameshausahau kama unafungwa. Alikulia katika nyumba ya wapangaji, vyumba vingi kwenye ua mmoja, ambako mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanamwombea afya. Huko ndiko alikojifunza kusikiliza mambo manne kwa wakati mmoja huku anachambua mchele.

Chuo cha uuguzi nusura kimshinde. Si kwa mitihani. Kwa mdomo.

"Mkuu wetu wa chuo aliniambia, 'Wewe binti, mgonjwa anahitaji utulivu, wewe ni redio.' Nikasema sawa, nitazima. Nikajaribu siku mbili, nikaumwa kichwa," anasimulia, na anacheka mpaka machozi.

Alipopangiwa chumba cha watoto ndipo redio ilipopata kazi. Aliona kwamba mtoto anayebweka akiingia na mama aliyetulia, hupumua vizuri zaidi kuliko yule anayeingia na mama anayepiga yowe, hata kama uvimbe ni ule ule. Akaanza kuwatibu akina mama kwanza.

Kwanza aliwaambia, "Tulia." Haikusaidia kitu. Hakuna binadamu aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie. Kisha siku moja, kwa kukosa la kusema, akamweleza mama mmoja jinsi jirani yake alivyonunua kabati lisilopita mlangoni na kulala nalo nje wiki nzima akililinda. Mama akacheka. Mtoto akavuta pumzi.

"Nikasema kumbe!"

Ana masharti yake. Habari ya mgonjwa haitoki nje ya chumba, hata kwa mumewe. Habari ya mtaani haibebi aibu ya mtu. Na wenye habari wanajua kwamba zinasimuliwa. Wengine wanazileta wenyewe, na wakisahauliwa mwezi mzima wananuna.

"Mwenye kabati huwa ananiuliza, 'Bado unanisema?' Namwambia wewe sasa umepitwa, tuko kwenye shati."

Si kwamba umbea unatibu. Hilo analisema mwenyewe, na anapolisema hachekeshi. Dawa ndiyo inayotibu. Kwa mtoto aliyebanwa sana ipo mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta kwa barakoa, na hewa ya oksijeni ikihitajika. Anawakemea wanaomfukiza mtoto kwa ndoo ya maji ya moto, kwa sababu amewapokea walioungua na kikohozi kikabaki pale pale. Na anayetaka kuchungulia koo kwa kijiko, hapo ndipo anapomliza mtoto na kulibana lile tundu lililobaki.

"Dawa zetu zinahitaji muda zifanye kazi," anasema daktari. "Mama Habari ananipa huo muda."

Tatizo ni kwamba muda wake mwenyewe unakwisha. Mwisho wa mwezi huu Mama Habari anastaafu, na viti vile viwili vya dirishani havina mrithi.

Amejaribu. Nesi mmoja aliyemwachia alikuwa na moyo mzuri, lakini habari zake zote zilikuwa za misiba. Mwingine alikuwa na haya, akawa anawasomea wazazi tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani. Daktari naye?

"Huyu daktari wangu nampenda kama mdogo wangu, mikono yake ni ya dhahabu. Lakini wiki iliyopita nimemwachia mama na mtoto niende kuchukua dawa, nimerudi nimekuta wote watatu wanautazama ukuta."

Anapangusa viti, taratibu, kimoja kisha kingine.

"Mashine itabaki. Dawa zitabaki. Hivi viti je? Ataingia mtu atasema vinaziba njia, ataweka kabati. Mama atasimama, mtoto atalazwa kule juu kitandani peke yake, taa ikimwakia machoni. Hicho ndicho kinachoniuma. Mengine nimemaliza."

*

Mchana, nyumbani kwake, hakuna pa kukanyaga. Ni Jumamosi na wanawake wa mtaa wamejaa sebuleni, kwenye makochi, kwenye mikono ya makochi, kwenye mkeka. Fundi cherehani mwenyewe yupo, amekaa karibu na mlango wa chumba cha ndani, anapinda suketi ya mtu kwa sindano ya mkono. Fundi hatembelei watu mikono mitupu, hubeba kazi.

Chumbani amelala mjukuu, mvulana anayekaribia miaka miwili, mnene, anaitwa Kipipa. Mama yake, binti wa Mama Habari, yuko dukani anakofanya kazi mpaka jioni. Asubuhi Kipipa alikuwa na mafua. Bibi yake alimpangusa pua akasema, "Haya ni mafua tu," akamwacha kwa jirani, akaenda kazini. Aliporudi alimchukua akiwa amelala.

"Fundi, usitutese," anasema Mama Habari, bado na aproni yake ya maua. "Shati umelishona?"

"Sijalishona."

Sebule inalipuka. "Hujalishona!" "Kwa nini, shoga?" "Na kifungo hata kimoja halina, maskini!"

"Limetundikwa," anasema fundi bila kuinua kichwa. "Nimemwambia dereva wa pikipiki, shati hili analichukua mwenyewe. Kwa miguu yake."

Vigelegele vinapanda hadi kwenye dari. Katikati ya vigelegele, mbweko mmoja, mkavu.

"Nani ameacha geti wazi?" Mama Habari anafoka, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mbwa wa jirani ameingia tena uani!"

Anavua kandambili moja, anaitupa dirishani. Wanawake wanashangilia shabaha. Mbweko wa pili.

"Leo hanyamazi huyu! Mfukuzeni, jamani, tusikilizane. Enhe, fundi, akija utamwambia nini?"

Sindano ya fundi imesimama hewani.

"Mama Habari," anasema. "Mbwa wa jirani alipelekwa shamba tangu wiki iliyopita."

Sebule inanyamaza yote kwa pamoja, jambo ambalo nyumba hii haijawahi kulishuhudia. Ndipo unasikika mbweko wa tatu, na safari hii kila mtu anajua unatokea wapi. Nyuma ya mlango, nyuma ya mgongo wa fundi.

*

Kituo cha afya kiko mitaa miwili kutoka hapo. Mama Habari anafika akiwa na kandambili moja mguuni, Kipipa amembana kifuani kama pochi sokoni, fundi anakimbia nyuma yao na suketi ya mtu ingali imening'inia mkononi.

Daktari alikuwa anafunga mlango. Anaufungua.

Na hapo, katika chumba chake mwenyewe, muuguzi aliyetuliza akina mama wa mji mzima anavunja kanuni zake zote, moja baada ya nyingine. Anavipita viti. Anampandisha mtoto juu kitandani, chini ya taa. Anampigia kelele, "Kipipa! Kipipa baba, niangalie bibi!" Mtoto anaanza kulia. Pumzi inapiga mluzi, na kifua chini ya mbavu kinaingia ndani.

"Kuna kitu kimemkwama! Fumbua mdomo, baba! Fumbua nione!"

Anatia mkono mfukoni mwa aproni. Unatoka na kijiko cha chuma.

Mkono mrefu wa daktari unakishika kile kijiko kabla hakijafika popote. Hakivuti kwa nguvu. Anakipokea, kwa mikono miwili.

"Mama," anasema daktari kwa upole. "Hapa tuna chai, kijiko hatuna."

Mama Habari anamtazama kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mdomo wa mwingine.

Daktari anamwinua Kipipa, anamrudisha mikononi mwa bibi yake, na anawakalisha wote wawili kwenye kiti cha dirishani. Anavuta dawa ya maji kwenye kibomba. "Mpe wewe. Mimi hanijui." Bibi anampa, pembeni ya shavu, na nusura amwage. Daktari anawasha mashine ya ukungu, anampa bibi barakoa aishike karibu na uso wa mtoto.

Lakini mikono ya bibi inatetemeka, na barakoa inatetemeka nayo. Machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Kipipa anasukuma barakoa, analia, anabweka, anavuta pumzi kwa mluzi. Anamsoma bibi yake, na kila anachosoma kinamtisha.

Daktari anaona. Anakaa kwenye kigoda, magoti yake marefu yanafika karibu na kidevu. Anakohoa kidogo kusafisha koo.

"Naona... huenda mvua ikanyesha," anasema.

"Daktari! Mjukuu wangu hapumui unaniambia mvua?"

"Mmh." Anafikiri. Jasho linamtoka. "Lile kabati la jirani yako. Lilipita?"

"Liliuzwa! Miaka mitano iliyopita! Sasa ndiyo unauliza?"

Mlangoni fundi cherehani amesimama, suketi mkononi. Daktari anamtazama fundi. Anamtazama mtoto, kifua kinachopanda na kuzama. Kisha anafanya jambo ambalo hakuna mfanyakazi wa kituo hiki aliyewahi kuliona: anafungua kifungo cha juu cha koti lake. Na cha pili. Ndani hakuna shati. Ndani kuna fulana kuukuu, ina tundu begani.

"Lile shati," anasema, "ni langu."

Mashine inanguruma peke yake.

Mama Habari ameacha mdomo wazi. Machozi yamesimama katikati ya mashavu, hayajui yashuke au yarudi. Mikono haitetemeki tena, kwa sababu mwili mzima umesahau ulichokuwa unafanya. Kisha anashusha pumzi ndefu iliyokuwa imekwama tangu sebuleni, na kifua chake chote kinashuka nayo, na mtoto aliyelala juu ya kifua hicho anashuka nacho.

"Lako?"

"Mmh."

"La vistari vya bluu?"

"Ninalo hilo moja zuri."

"Na wembe?"

"Wembe wa kukatia nyuzi za vidonda," anakiri daktari. "Mpya kila wiki. Ni safi."

Mama Habari anatoa sauti ambayo si kicheko kamili na si kilio kamili. Barakoa imetulia usoni kwa Kipipa, na Kipipa, kwa kuwa hakuna anayemshughulikia, ameamua kuitazama fulana ya daktari. Ukungu unaingia. Mluzi upo, ila umepungua makali.

"Nilijua," anasema fundi kutoka mlangoni.

Wote wawili wanageuka.

"Tangu lilipokuja mara ya kwanza. Linanukia dawa ya kufutia sakafu ya hospitali hata lipigwe pasi vipi. Mwanaume gani mwingine hapa ananukia hivyo?"

"Ulijua, ukaniacha nahangaika mtaa mzima?" Mama Habari anataka kupiga kelele, lakini ameshakumbuka yuko wapi, kwa hiyo anafoka kwa kunong'ona. "Mimi? Mimi ninayefanya naye kazi miaka tisa?"

"Ningekwambia ungemwambia kila anayekohoa."

"Ningemwambia, ndiyo! Si ndiyo kazi yangu?"

"Umemzoea harufu," anasema fundi. "Kama ulivyomzoea huyo mjukuu wako."

Anasema hivyo bila ukali, anakuja, anakaa kiti cha pili, na anamshika Kipipa kidole gumba cha mguu.

*

Mtoto aliyevuta ukungu wa dawa haruhusiwi kwenda nyumbani mara moja. Nguvu ya ukungu huisha baada ya saa chache na uvimbe unaweza kurudi, kwa hiyo lazima akae aangaliwe huku ile dawa ya maji ikiendelea na kazi yake taratibu. Binti wa Mama Habari amekuja moja kwa moja kutoka dukani, na amemkuta mwanawe amelala mapajani kwa bibi, kifua kinapanda na kushuka bila kuzama.

"Mama, ni nini? Si ulisema mafua tu?"

"Nilisema mafua, mwanangu. Halafu nikamtupia kandambili," anasema Mama Habari. "Kaa. Nitakuhadithia, utanicheka mpaka uzeeni kwangu. Lakini kwanza mshike."

Binti anampokea mtoto. Kipipa anakohoa usingizini, mara moja. Bado ni mbweko, lakini mdogo, wa mbwa aliyelala. Mama Habari anasikiliza pumzi inayofuata, na ile ya baada yake, mpaka anaridhika.

Daktari amefunga koti tena hadi shingoni. Anazunguka chumbani, anapangusa mashine, anarudisha barakoa mahali pake. Akifika dirishani anavitazama vile viti, anavisogeza vikaribiane zaidi kidogo.

"Hivi havitoki," anasema.

"Nani atavikalia?" anauliza Mama Habari. "Wewe na mvua yako?"

"Mmh." Hii ni mmh mpya, haijasajiliwa. "Leo si nimesema?"

"Umesema maneno machache."

"Yametosha?"

Mama Habari anamtazama mjukuu wake. Jibu limelala hapo, linakoroma.

Kuhusu maisha baada ya mwisho wa mwezi, anasema ana mpango. Kwanza atapunguza kelele sebuleni, angalau chumba cha ndani kikiwa na mtoto. Hapo binti yake anacheka mpaka anaziba mdomo. Pili, atapita asubuhi asubuhi msimu wa baridi, si kama nesi, kama bibi wa mtaani tu, akae kiti cha pili mama mgeni akiwa peke yake. Aproni ya maua anaiacha hapa msumarini, ikimwenea mtu aivae. Na kijiko kina mwenyewe. Atakipeleka Jumatatu, na atamwambia yule mama mkwe kwamba hakuna cha kucheka, sote ni wale wale.

Fundi anasimama, anakunja suketi yake. Kwenye mlango anageuka.

"Shati limetundikwa," anamwambia daktari. "Kesho niko nyumbani."

Daktari anainamisha kichwa. Hatua za fundi zinapotea kwenye korido, na Mama Habari ameshamsogelea daktari, kiti na yeye, macho yanamwaka.

"Sasa tuambie. Ilianzaje? Kifungo cha kwanza kabisa?"

Daktari anatazama kifua cha Kipipa. Anahesabu pumzi kimoyomoyo. Kisha anakaa kigodani, anaweka mikono magotini, na anavuta muda kama aliyefundishwa na bingwa wa kazi hiyo.

"Cha kwanza kilikuwa cha koti hili, na kilikatika chenyewe," anasema. "Nikakipeleka. Akanifungulia mlango, akaniangalia, akasema neno moja."

"Neno gani?"

"Mtoto akiamka salama," anasema daktari, "nitawaambia kesho."

"Daktari!"

"Mmh," anasema daktari, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Mama Habari anasikia kwamba ndani ya mmh ile kuna kicheko.